Bunduki ya Shemeji

Bwana Mipango alipouweka mfuko wake mezani na kutangaza, "Shemeji, nimekuja na bunduki," Mama Mkubwa hakushtuka wala hakucheka. Aliendelea kupiga pasi mapazia.

"Ungekuja na akili," alisema, "ningekupisha kiti."

Bwana Mipango akaangua kicheko, kicheko cha mtu aliyezoea kutukanwa mpaka anayapokea matusi kama salamu. Alikuwa mume wa marehemu mdogo wake Mama Mkubwa, na jina hilo la Mipango alipewa na marehemu mwenyewe, enzi hizo, kwa mapenzi. Mama Mkubwa alilirithi jina tu. Mapenzi aliyaacha yazikwe na mwenyewe.

Marehemu aliacha mtoto wa kike ambaye hata meno ya utoto alikuwa hajamaliza kung'oa. Baada ya matanga, Bwana Mipango alikuja na mpango: mtoto akae kwa mama yake mkubwa kwanza, mpaka yeye ajipange. Akajipanga kweli. Alijipanga kwenye sungura, akajipanga kwenye pampu za maji, akajipanga kwenye mashine ya kutotolea vifaranga ambayo iliwachemsha wote wakiwa bado ndani ya mayai. Mtoto akamaliza shule, akasomea kazi ya maabara, akaajiriwa, akapata mchumba, na baba yake bado alikuwa anajipanga. Alikuja sikukuu moja, akaruka nyingine. Kila akija alikuja na zawadi isiyo na kazi na maneno ya kujaza gunia.

Sasa mtoto huyo alikuwa anaolewa. Nyumba nzima haikumwita jina lake tena, walimwita bi harusi, na yeye na mumewe walikuwa waanzie maisha katika chumba cha uani ambacho Mama Mkubwa alikijenga kidogo kidogo miaka yote aliyokuwa nesi wa wadi ya upasuaji. Kilikuwa chumba kizuri, chenye bafu lake ndani. Ila kilikuwa na kasoro mbili. Dirisha la aluminiamu lilikuwa halijashikana vizuri na ukuta, na pengo lilikuwa linaingiza ncha ya kidole, upepo na mvua. Na bafuni, pale vigae vinapokutana na sakafu, maji yalikuwa yanapenya na kulowesha ukuta wa jikoni upande wa pili. Fundi vigae aliahidi kurudi kesho. Kesho yake ilikuwa haina mwisho.

Bwana Mipango aliposikia habari hiyo alipiga simu palepale. "Msimwite fundi yeyote! Mimi ndiye baba. Nitaziba mwenyewe, kwa mkono wangu." Mama Mkubwa alikuwa ameshafungua mdomo amkate, lakini simu ilikuwa inasikika chumba kizima, na bi harusi alikuwa amesimama hapo na sahani mkononi, uso umemlainika kama wa mtoto aliyeahidiwa nguo mpya. Mama Mkubwa akaufunga mdomo wake. Ilimuuma kama kumeza kidonge bila maji.

Ndiyo maana bunduki ilikuwa mezani.

Bwana Mipango aliitoa mfukoni kwa mikogo. Ilikuwa bunduki ya kusukumia silikoni, ile ya fremu ya waya mwembamba iliyopakwa rangi ya chungwa, na rangi yenyewe ilikuwa imeshaanza kubanduka.

"Umeinunua wapi?" Mama Mkubwa aliuliza.

"Kwa jamaa mmoja pale kona. Ana vitu vingi vizuri. Anauza na soksi."

"Basi bora ungenunua soksi, ukazibie dirisha."

Walikwenda uani. Bwana Mipango alipachika tyubu ya silikoni kwenye bunduki, akaukata mdomo wa tyubu kwa meno, akatema kipande cha plastiki chini, kwenye sakafu ambayo Mama Mkubwa aliipiga deki asubuhi ile. Mama Mkubwa alikitazama kile kipande. Alikunja mikono kifuani, akaegemea mlango. Mtu aliyefanya naye kazi wadini angejua kwamba hapo amejiandaa kustarehe.

Na alistarehe. Bwana Mipango alielekeza mdomo wa tyubu kwenye pengo la dirisha na kuanza kubinya, huku anaeleza kwamba siri ya kazi hii ni pumzi. Fremu ikapinda. Fimbo ya kusukuma ikaingia upande, ikapita pembeni ya kizibo cha tyubu, na silikoni, badala ya kutokea mbele, ikatokea nyuma, ikamjaa vidoleni. Aliposhituka na kuacha kubinya, ile iliyokuwa imefika mbele ikaendelea kutoka yenyewe, ndefu, nyeupe, ikidondokea kwenye kioo, kisha kwenye ukuta, kisha kwenye kiatu chake.

"Iambie silikoni ivute pumzi," alisema Mama Mkubwa.

Bwana Mipango alijaribu tena, safari hii kwa mikono yote miwili, bunduki ameikumbatia tumboni kama mtu anayechinja kuku mkaidi. Mama Mkubwa aliiona mikono miwili na kuicheka. Hakuiona zaidi ya hapo, kwa kuwa alikuwa anafurahi mno.

Bi harusi aliporudi kutoka kazini jioni alikuta dirisha limepakwa kama uso wa mtoto aliyepewa uji ajilishe. "Mmeanza!" alisema, akimtazama baba yake.

"Tumeanza, mwanangu," alisema Bwana Mipango. "Kesho tunanunua bunduki ya maana."

"Mimi naenda naye," Mama Mkubwa alikata kauli. "Huyu akiachwa peke yake dukani atatoka na jenereta."

* * *

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limepanga vyoo vipya nje barazani, vimekaa mstari vikitazama barabara. Mlangoni palikuwa na mlinzi. Bwana Mipango akamsogelea, akashusha sauti: "Kaka, tumekuja kununua bunduki." Akasubiri kicheko. Mlinzi, ambaye bila shaka aliusikia mzaha huo kila siku ya kazi, alinyoosha kidole ndani bila kumtazama. Mama Mkubwa alipita akisonya. Hata kuchekesha hajui, aliwaza. Miaka yote hii mtu hana mbele wala nyuma, angalau basi angekuwa anachekesha.

Ndani, nyuma ya kaunta, alikuwepo mwanamke mwenye penseli iliyochomekwa kwenye kilemba, anayesikiliza wateja kwa sikio moja na mizani ya misumari kwa sikio jingine. Mama Mkubwa alimpenda mara moja. Alikuwa na uso wa mtu asiyedanganyika.

"Silikoni mnaitia wapi?" muuzaji aliuliza.

"Dirisha na bafu," alisema Mama Mkubwa.

"Kazi ya nyumbani," Bwana Mipango alidakia, "ila tunataka kitu cha kiwandani. Unajua mimi nina mpango baadaye wa kuchukua tenda za..."

"Dirisha na bafu," Mama Mkubwa alirudia.

Muuzaji akashusha bunduki kadhaa ukutani na kuzilaza kwenye kaunta. Alianza na ile ya fremu ya waya. "Hii mnaijua."

"Tunaijua," alisema Mama Mkubwa. "Tumeizika jana."

"Inafaa mtu akiziba ufa mmoja na kuitupa. Haishiki tyubu, inacheza." Akachukua nyingine, ambayo chini yake ilikuwa na bati lililokunjwa kama nusu ya bomba, tyubu ikilala humo haigeuki. "Hii ndiyo watu wengi wanachukua. Ila itazame fimbo yake, ina meno. Kila ukibinya inaruka jino, kha, kha, kha. Ukiacha, silikoni inaendelea kutoka, mpaka ubonyeze hapa nyuma uiachie." Akachukua ya tatu, inayofanana na ile ya pili ila fimbo yake laini, haina meno. "Hii ukiacha kubinya inajirudisha kidogo yenyewe. Haidondoshi. Na hapa kwenye mpini kuna tundu la kukatia mdomo wa tyubu, na hiki kisindano cha kutobolea ndani."

"Umeona?" Mama Mkubwa alimgeukia shemeji yake. "Kumbe meno unaweza kuyaachia kazi ya kula."

Lakini Bwana Mipango hakuwepo tena kwenye mazungumzo hayo. Macho yake yalikuwa juu, kwenye rafu ya kioo, palipokaa bunduki kubwa nyekundu yenye betri.

"Ile," alisema.

"Ile ni ya makandarasi," muuzaji alisema.

"Ndiyo hiyo. Unagusa tu, inasukuma yenyewe. Dunia iko huko sasa, dada yangu. Mambo ya kubinyabinya yamepitwa na wakati. Mimi nilishawahi kufanya kazi na mashine za namna hii," alisema, na Mama Mkubwa alijua hajawahi, "na nakwambia, ukishaizoea hii, zile nyingine unaona midoli."

Mama Mkubwa alihisi dharau ikimpanda kutoka miguuni, nzito, ya zamani, karibu tamu. Huyu ndiye yeye mwenyewe, aliwaza. Mtu anapewa kazi ya dirisha moja na kona ya bafu, kazi ya kumalizika kabla ya saa ya chakula, naye anataka kitu chekundu kinachonguruma. Mtoto alihitaji baba wa kumbeba begani kwenda shule siku za mvua, yeye alikuwa anatafuta pampu kubwa kuliko zote. Hajawahi kutaka kitu cha kutosha. Ama kikubwa, ama hakuna.

"Ile ukiikosea inakumwagia tyubu nzima kabla hujasema ah," muuzaji alisema. "Jaribu hii kwanza, mzee." Akaitia tyubu kwenye ile bunduki ya meno, akamkabidhi, na kuweka kipande cha kadibodi mbele yake. "Chora mstari."

Bwana Mipango aliishika kwa mkono wa kulia. Akatabasamu. Akabinya. Hakikutoka kitu.

"Binya, mzee."

"Nabinya. Hii imekaza."

"Haijakaza." Muuzaji akaichukua, akabinya kwa mkono mmoja, mstari mweupe ukatoka. Akamrudishia.

Bwana Mipango akaihamishia mkono wa kushoto, akabinya, ikatoka kidogo, imepinda. Akacheka. Akairudisha kulia ili aishike tu, na kidole gumba hakikukunja kama vidole vingine. Kilikaa kando, kimelegea. Mwanga wa mlangoni ulikuwa unampiga mkononi, na hapo Mama Mkubwa akaona kitu ambacho kama angekiona kwa mgonjwa wadini angekisema kwa daktari kabla hata ya kusema jina la mgonjwa. Ile nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, nyama inayovimba mtu akikunja ngumi, haikuwepo. Palikuwa pamebonyea, ngozi imelalia mifupa. Akautazama mkono wa kushoto: umejaa, mzima. Akautazama tena wa kulia.

Dharau haikumtoka. Mtu asidhani hivyo. Ilibaki palepale ilipokuwa, ila kitu kingine kikaingia na kukaa kando yake, na viwili hivyo vikawa havitazamani. Kwa hiyo jana, ile mikono miwili. Kwa hiyo betri. Mpumbavu huyu, aliwaza, mpumbavu mkubwa huyu. Hata ugonjwa anaugeuza majivuno.

"Kwa hiyo tuchukue ya betri," Bwana Mipango alikuwa anamwambia muuzaji, paji la uso limemlowa jasho. "Tusipoteze muda wa watu."

"Hapana," alisema Mama Mkubwa.

"Shemeji, wewe hujui..."

"Nimesema hapana. Sitaki kinachonguruma kwenye chumba cha mwanangu." Akamgeukia muuzaji. "Katika hizi zote, nyepesi kuliko zote kubinya ni ipi?"

Muuzaji alimtazama, akamtazama na Bwana Mipango, kisha akainama chini ya kaunta. Aliinuka na bunduki nyingine ya fimbo laini, nyeusi, haina mvuto wowote. "Hii. Ni ya kusukuma gundi nzito, kwa hiyo imetengenezwa kwa kukusaidia. Ukibinya kidogo yenyewe inasukuma sana. Shida yake ni moja, inaenda polepole. Utabinya mara nyingi."

"Ya polepole."

"Polepole sana. Mafundi wa haraka hawaipendi."

Mama Mkubwa aliichukua, akaibinya kwa kidole cha kati na cha mwisho tu. Fimbo ikasogea. Akamwekea Bwana Mipango mkononi, mkono wa kulia, kama anavyompa mgonjwa kikombe, akaushikilia mpaka alipohakikisha haitadondoka.

"Chukua hii. Wameitengeneza makusudi kwa watu wavivu. Inakufaa kabisa."

Bwana Mipango aliibinya. Mstari ukatoka kwenye kadibodi, mfupi, mnene, taratibu. Aliutazama. Kisha akamtazama Mama Mkubwa, akabinya tena.

* * *

Walirudi kwa miguu. Alikuwa amebeba mfuko kwa mkono wa kushoto.

"Tangu lini?" Mama Mkubwa aliuliza, akitazama mbele.

"Tangu lini nini?"

"Mkono."

"Aa, huu? Huu nilijigonga kidogo. Unajua nilikuwa nabeba..."

"Mimi nimeosha mikono ya watu kabla wewe hujajua kudanganya. Tangu lini?"

Bwana Mipango aliupandisha mfuko begani. "Tangu kipindi cha baridi kilichopita," alisema. "Ilianza ganzi. Nikaona ni kulala vibaya. Halafu vitu vikaanza kunidondoka. Funguo. Kikombe. Siku nyingine shingo inachoma mpaka huku."

"Daktari kasemaje?"

"Nina mpango wa kwenda..."

"Usiniambie neno mpango!" Mama Mkubwa alisimama katikati ya njia, mtu mwenye baiskeli akamkwepa na kumlaani. "Neno hilo usilitoe mdomoni mwako mbele yangu leo. Umekwenda au hujakwenda?"

"Sijakwenda."

"Hujakwenda. Unaachia mkono unakauka kama mboga iliyosahauliwa, halafu unanunua bunduki kwa muuza soksi ili uje ujionyeshe baba."

"Sikuja kujionyesha," alisema Bwana Mipango, na sauti yake haikuwa na ile kelele. "Nilitaka niache kitu kimoja humo ndani nilichokifanya mimi. Kimoja. Kabla mkono haujakataa kabisa. Usimwambie mtoto."

Mama Mkubwa alikuwa na jibu. Alikuwa na majibu mengi, ya miaka mingi, yaliyonolewa vizuri. Aliyachagua, akaona yote ni ya kweli, na hakutoa hata moja.

"Mimi si redio," alisema, akaanza kutembea tena.

* * *

Dirisha peke yake lilichukua siku nzima. Mama Mkubwa alisema hawezi kuona silikoni mpya ikipakwa juu ya uchafu, kwa hiyo alichukua wembe na spiriti akakwangua mwenyewe silikoni ya juzi dirishani na uchafu wa kona za bafu, akafuta, akakausha, akafuta tena, huku akimweleza shemeji yake kwamba angekuwa mkunga asingeachiwa hata paka. Bwana Mipango alikaa kwenye kigoda, akatumia tundu la mpini kukata mdomo wa tyubu, akaanza.

Alibinya, akapumzika. Akabinya, akapumzika. Mkono ulipochoka aliuweka pajani na kuutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Hakueleza siri ya kazi. Mstari ulikwenda umepinda hapa, umenenepa pale, lakini ulikwenda, na pengo likajaa nyuma yake.

Bi harusi alirudi akiwa bado na koti jeupe la maabara. Alichungulia, akavua viatu, akaingia. Alichukua karatasi ya gundi na kukaa chini miguuni pa baba yake, akawa anambandikia pembeni mwa pengo ili silikoni isitambae kwenye ukuta.

"Baba, na wewe unajua kunyamaza?"

"Nafanya kazi ya watu makini."

"Nani kakufundisha?"

"Mama yako mkubwa. Kwa matusi."

Binti alicheka, akaegemeza kichwa kwenye goti lake kidogo tu, kisha akaendelea kukata gundi. Mama Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Aliliona lile goti na kile kichwa, na roho ikamchoma vibaya sana. Yeye ndiye aliyekesha na surua. Yeye ndiye aliyeshona sare, aliyekwenda vikao vya wazazi, aliyempiga marufuku kijana mwenye pikipiki. Mtu anakuja na tyubu mbili za silikoni, na anapokewa kama aliyejenga nyumba! Alikwenda jikoni akaosha sufuria ambalo lilikuwa safi. Aliliosha kwa muda mrefu. Mtoto alipoita, "Mama, njoo uone, tumemaliza dirisha," alikausha mikono, akaenda, akaona.

"Limepinda," alisema.

"Limeziba," alisema bi harusi.

Bafu walimaliza siku iliyofuata. Kona moja ya ndani, ambako mtu lazima ajikunje na kubinya kwa mkono wa juu, haikushika vizuri. Mama Mkubwa aliiona, Bwana Mipango aliiona, na wote wawili wakatazama upande mwingine.

* * *

Wiki hiyo hiyo ukoo wa bwana harusi ulileta mtu kukiona chumba. Aliyekuja ni baba yake mdogo, muuza magodoro, mwanaume mwenye tumbo la mbele na funguo nyingi kiunoni, ambaye kila alichokitazama alikigonga kwa kifundo cha kidole. Aligonga mlango. Aligonga kabati. Bwana harusi alimfuata nyuma kwa aibu, na bi harusi, na Bwana Mipango aliyevaa shati la pasi kwa ajili ya wageni. Mgeni alifika dirishani, akainama, akapitisha ukucha juu ya mstari wa silikoni.

"Hii nani kapaka?" alicheka. "Konokono?"

Bwana Mipango alificha mkono wa kulia mfukoni. Bi harusi alimtazama baba yake, kisha akatazama chini.

Mama Mkubwa alimpima mgeni taratibu, akianzia viatu, akipanda, bila haraka, kama anavyosoma chati ya kitandani. Alipofika usoni alitabasamu.

"Mkwe wangu, nasikia wewe ni fundi wa magodoro."

"Si fundi. Nauza."

"Ah, unauza. Basi godoro ukiliona unalijua. Hili linaitwa dirisha." Akachukua ndoo ya maji iliyokuwa karibu na mlango, akamtia kishikio mkononi. "Toka nje. Limwagie maji kwa nguvu zako zote. Likipenya tone moja humu ndani, nitakuomba radhi mbele ya hawa watoto."

"Mkwe, nilikuwa natania tu..."

"Mimi sitanii. Mwaga."

Ikabidi amwage. Alitoka, akarusha maji ya kwanza kwa aibu, Mama Mkubwa akamwambia kupitia kioo kwamba hata kuogesha mtoto kunahitaji maji zaidi ya hayo, akarusha kwa hasira, akalowa suruali mwenyewe. Ndani, bi harusi alipitisha kiganja chini ya fremu, pembe hadi pembe, akakiinua juu. Kikavu.

Mgeni alirudi akijifuta. "Limeshika," alikiri.

"Limezibwa na baba wa bi harusi," Mama Mkubwa alisema, "kwa mkono wake mwenyewe, na mimi nimemsimamia mwanzo mpaka mwisho. Limepinda, ndiyo. Kazi yake mbaya naijua kuliko wewe. Nimekuwa nikimwambia ubaya wake tangu huyu kijana wenu hajajua kufunga vifungo. Sijachoka, na sijaomba msaidizi."

Bwana harusi alikohoa ili asicheke. Bwana Mipango alitoa mkono mfukoni, kifua kikaanza kumjaa. "Kwa kweli mkwe, sisi hapa tulikuwa na mpango wa..."

"Nyamaza na wewe," alisema Mama Mkubwa, akaenda kuufunga mlango wa bafu, kabla mgeni hajapata wazo la kugonga huko.

Mvua zilipokuja dirisha halikuvuja. Kona ya bafu ilivuja, na bwana harusi aliiziba mwenyewe alasiri moja, bila kumwambia mtu, kwa bunduki ileile nyeusi.

Hospitali, Mama Mkubwa alimpeleka Bwana Mipango kabla ya harusi. Hakumwomba, alikwenda kumchukua kwake na kumsubiri mlangoni akiwa na mwavuli. Kwenye foleni, shemeji alishapata marafiki kabla benchi halijapata joto, akawa anawaeleza habari za kufuga samaki kwenye matangi. Mama Mkubwa alikaa benchi la mbali ili watu wasidhani wamekuja pamoja. Daktari alipoita, aliinuka yeye kwanza.

Shemeji alipigwa picha, wakasubiri, wakaambiwa. Ni mshipa wa fahamu uliobanwa shingoni. Wangeweza kuufungulia nafasi, wakauzuia usizidi kuharibika, na mkono ungerudi kiasi. Wote haungerudi, alichelewa.

"Umesikia?" Mama Mkubwa alimwambia koridoni. "Ulichelewa."

"Nimesikia."

"Bi harusi utamwambia mwenyewe. Leo. Usimpambie."

"Nitamwambia." Bwana Mipango alikuwa amesimama karibu na dirisha la korido, anajaribu kufunga kifungo cha mkono wa shati alichofunguliwa wakati wa vipimo. Vidole viliteleza. Akajaribu tena. Mama Mkubwa alisimama na mwavuli wake, akitazama, mikono yake mizima imetulia juu ya mpini. Angeweza kukifunga kabla mtu hajapepesa jicho. Alimwacha. Wagonjwa walipita, nesi kijana akapita na kumwamkia Mama Mkubwa kwa jina la kazini, Sista, kifungo kikateleza, kikateleza, mwishowe kikaingia.

"Haya, twende," alisema Mama Mkubwa. "Umeweka watu hapa mchana kutwa."